Soudi Watatu wa Ng'ambo

Siku ya pili ya kilio cha Mzee Soudi, ndege waligundua kwamba shamba lake halina mtu.

Habari hiyo iliwafikia wafiwa kwa mdomo wa Mama Jeanne, mwanamke Mkristo wa Alunguli ambaye bonde lake la mpunga lilipakana na la Soudi miaka mingi. Alivuka mto Lwalaba asubuhi, akapanda hadi Mikelenge kwenye kilio, akawapa pole wanaume waliokaa kwenye mikeka uani, kisha akazunguka nyuma ya nyumba kumtafuta Mwavita, binti wa marehemu. Alimkuta jikoni anapepeta mchele wa kuwapikia waombolezaji.

"Mutoto wangu, sikupenda kusema pale mbele ya watu," Mama Jeanne alisema kwa sauti ndogo. "Wale ndege wa michikichi wameshuka. Nilifukuza na upande wenu mpaka mukono ukachoka, lakini na mimi niko na wangu wa kufukuza."

"Wako wengi?"

"Wakiruka, jua linafichika."

Mwavita aliendelea kupepeta, lakini hakuona tena alichokuwa anapepeta. Mpunga wa baba yake ulikuwa umeanza kutia maziwa. Kila mkulima wa Kindu anazijua siku hizo: punje ni laini, ukiibinya inatoa maji meupe, na ndege hana haja hata ya kuimenya. Anaifinya kwa mdomo, ananyonya, anahamia nyingine. Shamba likiachwa hivyo kwa wiki moja linabaki makapi yaliyosimama wima. Ukilitazama kwa mbali utadhani una chakula.

Na chakula cha nyumbani kilikuwa kinaisha. Kilio kikubwa kinakula sana. Kila Mwavita alipoinama kwenye gunia la mavuno yaliyopita, mkono wake ulishuka chini zaidi. Pale mlangoni, kwenye kiti pekee chenye mgongo, alikaa baba yake mdogo, Bakari, mkubwa wa shughuli. Kila mgeni alipoingia, Bakari aliita, "Mwavita, leta sahani. Ndugu yangu hakuwa masikini."

Katika ukoo wao kulikuwa na mwiko ambao hakuna aliyejua ulianzia wapi: mtu wa nyumba yenye kilio havuki mto wala hagusi kazi ya shamba mpaka matanga yaondolewe. Matanga ya Soudi yangeondolewa Ijumaa baada ya sala. Ijumaa ilikuwa mbali. Majirani wa bondeni walikuwa na ndege wao, na kaka yake Mwavita, Hamidou, mtoto wa kwanza, alikuwa Kinshasa anatafuta nafasi kwenye ndege ya kuja Kindu.

Mwavita alifuta mikono, akaenda mpaka mlangoni, akapiga goti.

"Baba mudogo, mupunga unaliwa."

"Na nani?"

"Na ndege."

"Basi na wenyewe wamekuja kwa kilio," Bakari alisema, na wanaume wakacheka kidogo. Kisha akakunja uso. "Mwavita, baba yako hajalala hata siku tatu udongoni, na wewe akili yako iko shambani. Watu watasema nini? Watasema mutoto wa Soudi analilia tumbo."

"Tumbo la nani, baba mudogo? Huu wali munakula ulitoka kule."

Mzee mmoja aliyekuwa ameshika tonge alilirudisha sahanini.

"Ni sababu ya ulimi huu bwana yako alikurudisha kwenu," Bakari alisema taratibu, ili kila mtu asikie.

Mwavita aliokota sahani zilizokwisha kuliwa, akazipanga moja juu ya nyingine bila kuzigonganisha, akaondoka nazo.

*

Mama yake, Latifa, alikuwa chumbani kwenye eda, amejifunga kitambaa cheupe, amekaa kwenye mkeka karibu na sanduku la bati. Ndani ya sanduku zilikuwamo nguo za marehemu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Bakari. Nguo hizo zingegawanywa kwa ndugu Ijumaa hiyo hiyo, na mpaka hapo mtu asizivae wala kuzitoa nje.

"Nilisikia," Latifa alisema. "Bakari ni vile toka utoto. Mbele ya watu iko simba. Peke yake, hana neno."

"Mama, ninafikiria watu wa majani."

Latifa aliinua macho. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi uso wake ulilegea. Kila mwaka Soudi alipougua, au aliposafiri kwenda Kibombo, alikuwa na desturi ya kuacha watu wa majani shambani kuwinga ndege. Hakuwa anasema amewatengeneza. Alisema amewatuma.

"Wanataka nguo zake," Mwavita aliendelea. "Nguo ndege wasiyoijua haiwatishi."

Latifa aliliangalia sanduku, akaliacha. "Hizi ziko na wenyewe. Lakini zile za kazi zinaning'inia kwenye kamba nyuma ya jiko, hakuna hata mumoja aliyeziangalia. Zilikuwa zinangojea kufuliwa." Akanyoosha kitambaa chake magotini. "Kufua nguo za bwana yangu ni kazi yangu, na mimi siwezi kutoka. Nenda unifulie."

"Nikafulie wapi, mama?"

"Mutoni. Kwani muto uko na ng'ambo moja?"

*

Jumatatu, jua likiwa bado halijatoka, Mwavita alivuka na kifurushi cha nguo kichwani kama mtu anayekwenda kufua. Alipofika ukingoni mwa bonde alisimama. Shamba lote lilikuwa linatetema kwa sauti ndogondogo, kama mvua inayonyesha juu ya majani ya ndizi. Alipiga makofi. Ndege waliinuka upande mmoja, wakatua upande wa pili, wakaendelea kula.

Alikata matete kijitoni, akayafunga kwa kamba za rafia, akasimamisha mti mmoja wa mgongo na mwingine wa mabega, akavika shati la mistari. Mtu wake alinyooka vizuri, mabega sawa, mikono wazi. Mwavita alirudi nyuma hatua chache kumtazama, akaridhika. Kabla hajamaliza kuridhika, ndege alitua kichwani pa yule mtu. Akaja mwingine, akakaa kwenye mkono, akajisafisha mabawa.

Mwavita alikaa juu ya tuta.

Baba yake hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini juu ya ndege aliweza kuzungumza mpaka chakula kipoe. Alisema ndege anamsoma mlinzi kila siku kama mtoto anavyosoma mwalimu mkali. Anajua ni saa ngapi anachoka, anajua mkono upi unarusha. Kwa hiyo mtu wa majani aliyesimama kama mti, kwa ndege ni mti tu. "Haogopi nguo," Soudi alikuwa akisema. "Anaogopa muntu. Na muntu anamujua kwa namna anasimama."

Na Soudi alisimamaje? Mwavita alifumba macho. Siku zote hizo za kilio alikuwa anauona uso mmoja tu, ule wa mgonjwa kwenye mto wa kitanda, midomo imekauka. Sasa alilazimika kumwinua baba yake kitandani. Alimwinua polepole, kichwani mwake, mpaka akamsimamisha kwenye matope. Bega la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto, tangu lilipovunjwa wakati wa vita. Mkono wa kulia ulibanwa mbavuni kama mtu aliyeficha kitu kwapani. Shingo ilitangulia mbele kidogo. Uzito wote ulilala kwenye mguu wa kushoto, na mkono wa kushoto ulikuwa umepanda nyuma ya sikio na kombeo lake la rafia, tayari kurusha donge la udongo.

Alifungua yote aliyoyafunga. Mti wa mabega aliulaza mshazari. Wa shingo aliutafuta mbichi, unaopinda. Kombeo alilisuka kwa rafia, akamshikisha mkono wa kushoto. Alifunga akafungua, akafunga tena, akakimbia mbali kutazama, akarudi kupunguza majani kidogo hapa kifuani, maana Soudi alikuwa amekonda. Viwiko vya shati vilikuwa vimeshakunjika vyenyewe kwa miaka ya kuvaliwa, na alipouingiza mkono wa matete ndani yake, shati lilijua lenyewe pa kukunja. Hapo ndipo aliposhindwa. Alikaa matopeni akalia kile kilio alichokosa pa kukilia kule uani, kwa sauti, bila mtu wa kumwambia anyamaze. Alipopangusa macho aliona kwamba upande ule wa shamba hapakuwa na ndege hata mmoja.

Wa pili alimvika koti la kijani, akamwinamisha kama mtu anayepalilia, mgongo umevuta koti mpaka mshono unataka kuachia. Wa tatu, kusema kweli, hakuwa wa lazima. Ndege walikuwa wamekwisha kuhamia kwa watu wengine. Lakini mikono yake ilikuwa imeshika moto, na Soudi anayepumzika alikuwa anamjia: amekaa juu ya kisiki, miguu imenyooshwa, kofia iko gotini, uso umeelekezwa kwenye mpunga kama mtu anayemsikiliza mgeni. Mwavita alimtengeneza huyo kwa muda mrefu kuliko wote, na hakuna aliyemwomba.

*

Jumanne asubuhi Mama Jeanne aliingia uani bila ndala, kikwembe kimelowa mpaka magotini. Wanawake walimpa maji. Alipopata pumzi alisimulia.

"Macho yalimuona, mudomo ukamusalimia. Miaka yote hii nikishuka bondeni ninasema, Soudi, umeamukaje? Basi nikasema, Soudi, umeamukaje? Nikamupa na habari ya binti yangu wa Pangi, kwamba amezaa mwanaume. Halafu nikajiuliza, Jeanne, si wewe ulikuwa kwa mazishi yake?"

"Ukakimbia," mwanamke mmoja alisema.

"Kukimbia juu ya nini? Nilisema moyoni, amerudi kuangalia mupunga wake, ni haki yake. Nikageuka nimupishe. Kumbe iko mwingine, ameinama. Nikageukia huku. Mwingine, amekaa anapumuzika. Hapo njo nilikimbia. Soudi mumoja ninamuweza. Soudi watatu, hapana."

Wanawake walicheka mpaka wakajishika mbavu, na kutoka chumbani, nyuma ya pazia, ikasikika sauti ya Latifa naye akicheka, kisha akikohoa kuificha. Lakini wanaume hawakucheka. Bakari alisimama.

"Nani amevuka muto?"

"Ni mimi, baba mudogo," Mwavita alisema.

"Na nguo?"

"Zile za kazi. Shati ya mistari, koti ya kijani na kofia."

"Koti ya kijani," Bakari alirudia. "Ile koti nilikuwa nimeiwekea jicho."

Alipojua amesema nini alikasirika zaidi. Alisema mwiko wa ukoo umevunjwa, marehemu amesimamishwa kama kinyago, na kesho watu wa bondeni watakataa kushuka mashambani kwao kwa hofu. Mwalimu wa msikiti aliulizwa, akajibu kwamba la shamba waliamue wenye shamba. Wenye shamba waliamua. Mwavita asiguse tena chungu cha kilio, asiwahudumie wageni, na Hamidou akifika, yeye kama mtoto wa kwanza atavuka akawaangushe wale watu wote watatu.

Kutwa nzima Mwavita alikaa peke yake karibu na kuni. Wasichana wadogo walipita mbele yake na sahani alizozoea kuzibeba yeye. Alikuwa akitazama juu ya mapaa, upande wa mto, akihesabu moyoni siku ngapi punje inahitaji mpaka iwe ngumu. Mpunga ukishakaza, ndege wengi huuacha. Wale watu watatu wakisimama mpaka hapo, nyumba ingekula mwaka huu. Wakianguka kesho, yaliyobaki yangenyonywa kabla ya Ijumaa.

*

Hamidou alishuka kwenye ndege Jumatano, mtu mzito mwenye viatu vya kung'aa, anayeuza nguo za mitumba kwenye soko kubwa la Kinshasa. Alipelekwa moja kwa moja makaburini, na pale aliangukia udongo akalia kama mtoto, kwa kuwa baba alizikwa siku ile ile aliyokufa na yeye hakumwona. Jioni wazee walimweleza habari ya shamba. Alimfuata dada yake kwenye kuni.

"Kule Kinshasa kila muntu anajua baba yangu ni muntu wa heshima," alisema. "Nimefika, ninaambiwa umemufanya mudoli wa kutisha ndege."

"Nenda umuone kwanza, yaya," Mwavita alisema, akimwita kama kaka mkubwa anavyoitwa.

"Nitakwenda na panga."

"Kwenda na panga si shida. Uende tu."

Alhamisi mchana walivuka pamoja. Hamidou alitembea kwa ncha za vidole kwenye njia ya matope, mwishowe akavivua vile viatu akavibeba mkononi, panga kwapani. Bonde lilikuwa kimya. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, na ukisogea na upepo ulitoa sauti nzito, ya kitu kilichojaa.

Hamidou alisimama mbele ya yule wa shati la mistari. Alisimama sana. Alimzunguka, akaangalia shingo, akaangalia mgongo. Hatimaye alisema, bila kugeuka, "Umekosea."

"Wapi?"

"Mukono. Baba alirusha na mukono wa kuume. Mimi njo nilimufinyangia madonge toka utoto, wewe haujazaliwa. Kama unataka kufanya baba, fanya baba."

"Alirusha na wa kushoto."

"Usinifundishe baba yangu, Mwavita."

"Yaya, uliondoka hapa mwaka gani?"

Hamidou alihesabu moyoni. Aliondoka miezi michache kabla ya vita kuikata nchi vipande viwili, Kinshasa huku, Kindu kule, hakuna ndege wala barua. Aliporudi mara ya kwanza amani ilikuwa imefika, alikuwa na haraka, na Soudi alimpokea amekaa kwenye kiti uani. Akaja mara nyingine, tena akamkuta kwenye kiti. Mtu aliyekaa kwenye kiti harushi kitu.

Basi Mwavita alimweleza. Alimweleza mwaka ule mji ulipozungukwa, askari waasi wakiwa mjini, wanamgambo wa Mayi-Mayi wakiwa msituni, na mkulima katikati. Aliyevuka kwenda shamba alishukiwa na wote wawili. Reli ilikuwa imekufa, chumvi ilikuwa dawa, na watu walikuwa wanapika majani ambayo zamani walipewa mbuzi. Soudi aliendelea kuvuka. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuwinga ndege, kwa hiyo alituma watu wa majani, jamaa nzima, kila mmoja na nguo yake. Siku moja askari waliokuwa mtoni waliona umati umesimama shambani kwake. Walimkamata alipokuwa anafunga mtumbwi.

"Wakauliza, wale watu unaowalisha ni nani? Akasema ni majani. Wakamupiga na kitako cha bunduki hapa." Mwavita aligusa bega lake mwenyewe. "Wakauliza tena. Akasema ni majani. Wakamupiga hapo hapo. Nilisikia mufupa, yaya. Nilikuwa na ndoo kichwani, sikuiweka chini, niliogopa maji yatamwangika."

Hamidou alikuwa anamtazama sasa.

"Wakamusukuma mpaka hapa, wakasema tuonyeshe. Akawaonyesha mumoja mumoja, mukono unaning'inia. Huyu ni Latifa, bibi yangu. Huyu ni Mwavita, ni yule mwenye ndoo. Huyu ni mimi, siku sijachoka. Halafu akafika kwa mumoja kule pembeni. Akasema, huyu ni mutoto wangu wa kwanza, Hamidou. Iko Kinshasa. Sijui kama anaishi."

"Aliwaambia wale askari Kinshasa?"

"Aliwaambia."

Kusema neno hilo mbele ya askari wale, mwaka ule, ilikuwa kujiitia risasi. Hamidou alilijua hilo vizuri. Aliuma mdomo wake.

"Mumoja wao akaanza kucheka," Mwavita alisema, "wote wakacheka, wakachukua ndoo yangu, wakaenda. Baba akakaa mwezi muzima bega limefungwa na miti. Halafu akaanza kurusha na kushoto. Donge linamwangukia kichwani, sisi tunacheka, yeye anacheka. Alijifunza."

"Na mimi alinifanya tena?"

"Kila mwaka wa vita."

Hamidou alitazama ile pembe ya shamba kana kwamba bado kulikuwa na mtu. "Nilikuwa nimesimama namna gani?"

"Haukusimama. Alikukalisha. Alisema Hamidou hata akiwa majani hatapenda kazi ya shamba."

Kicheko kilimtoka Hamidou kwa nguvu, kikavunjika katikati. Alikaa juu ya tuta na suruali yake ya Kinshasa, akainamisha kichwa, mabega yakatikisika. Panga lilikuwa limelala kwenye nyasi. Dada yake hakumgusa. Alikwenda akamsogeza kidogo yule wa koti la kijani, hatua moja kushoto, maana ndege akizoea mahali pa mtu amekwisha kumzoea mtu, kisha akakunja upya kola ya koti.

Jua lilipoanza kupungua nguvu, kundi lilitokea michikichini. Lilizunguka juu ya bonde mara kadhaa, likawaona Soudi wote, likachagua upande ulio mbali nao, likashuka. Hamidou aliinuka. Alikwenda kwa yule wa shati la mistari, akalitoa kombeo mkononi mwake kwa uangalifu, kama mtu anayempokea mkubwa mzigo. Alifinyanga donge. Alirusha kwa mkono wa kushoto, na donge likaanguka karibu na vidole vyake vya miguu.

"Ni nguvu, mukono unakataa," alisema.

"Na kwake ilikuwa nguvu."

Alirusha tena. Lilikwenda nyuma. Alirusha tena na tena, jasho likimtoka, shati limechomoka kwenye suruali, na donge moja likafika mpungani. Ndege wachache waliruka. Alimgeukia dada yake, uso umejaa tope.

"Twende, yaya. Mutumbwi unangojea. Mama iko peke yake."

"Wewe enda. Nitakuja ndege wakishalala." Akafinyanga jingine. "Mwambie baba mudogo asinitafute. Mwambie tukivuna, atapata koti yake."

"Na matanga kesho?"

"Kesho baada ya sala nitasimama mbele yao mimi mwenyewe. Niseme nimevuka, nimefanya kazi ya shamba. Wanisemeshe mimi, niko mukubwa."

Mwavita alishuka mpaka mtoni, akanawa miguu, akaingia mtumbwini. Mpiga kasia alikuwa mtu wa mzaha, na tangu Jumanne kila aliyemvusha alimsimulia habari ya wale wazee watatu. Walipofika katikati ya maji aliacha kupiga kasia, akakinga macho kwa kiganja, akatazama juu bondeni. Mmoja alisimama, mmoja aliinama, mmoja alikaa. Mbali nao kidogo alikuwapo mwingine, mnene, mkono wa kushoto umepanda nyuma ya sikio.

"Mama, umeongeza mwingine, wa ine?"

"Sikumuongeza," Mwavita alisema. "Ule alikuja mwenyewe."